Ngozi ya Mbuzi Kwenye Spana ya Mzee Tluway

Kabla hujachukua msasa, kijana wangu, ngoja kwanza. Weka hiyo spana mezani, nawa mikono, kaa. Najua imejaa kutu na unaona aibu kumletea mzee kitu kikiwa katika hali hiyo. Lakini hapa kwetu Hanang msasa umeharibu vitu vingi kuliko kutu, na mimi nimechoka kuomboleza.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa kila anayekuja kuniona hapa Katesh. Siku hizi wengi ni vijana wa gereji na wa bodaboda, waliosikia kwamba kuna mzee anaitwa Fundi Marseli, anakusanya spana za zamani za vita. Ni kweli ninazikusanya. Nimekuwa makanika maisha yangu yote ya kazi, nimelala chini ya malori na matrekta mpaka mgongo ukagoma, na sasa nimestaafu. Kazi ya kufungua nati nimewaachia nyinyi. Mimi nimebaki na kazi ya kutazama vile vilivyozifungua. Mke wangu anasema nimehama kutoka gereji ya vyuma vizima kwenda gereji ya vyuma vibovu, na kwamba afadhali ile ya kwanza ilikuwa mbali na chumba cha kulala.

Vita ninayoisema ni ile kubwa ya pili ya Wazungu. Ilipokwisha, jeshi la Waingereza lilibaki na malori na masanduku ya vifaa ambavyo halikuwa na haja navyo tena. Vingi viliuzwa kwenye minada, vikaenda kwenye mashamba ya walowezi, misheni na karakana za barabara, na kutoka huko vikasambaa mpaka majumbani. Ndiyo maana mpaka leo, ukienda Endasak au ukipanda Mbulu mpaka kijiji cha Daudi, unaweza kukuta bisibisi ya jeshi inapukuchua mahindi na plaisi ya jeshi inang'oa misumari ya zizi. Kuna kigango kimoja kule Endasak, nilikozaliwa, ambacho kengele yake ni ringi la lori lililoning'inizwa, na kinachoigonga ni spana ya vita, nzito, nyeusi, nzuri ajabu. Nimembembeleza katekista miaka nenda rudi tubadilishane, nimpe chuma kingine. Ananijibu, "Fundi, waumini wamezoea sauti yake." Basi Jumapili ikigongwa nafanya ishara ya msalaba mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya Mungu, ya pili kwa ajili ya ile spana.

Mapenzi haya sikuzaliwa nayo, nilipewa na mtu. Jina lake Mzee Tluway. Alikuwa mtu wa Daudi, aliyeshuka Katesh akafungua gereji yake chini ya mabati, kando ya barabara ya Singida. Mfupi, mkimya, na kila siku alivaa lile koti zito la baridi ya Daudi hata jua la Katesh likichoma vipi. Nilipomaliza shule ya msingi sikuwa na pa kwenda. Nilimfuata siku ya soko, nikamwamkia, nikasema nataka kazi. Hakuniuliza baba yangu ni nani wala ana nini. Alinitazama mikono, akasema, "Hii itaumia, lakini itajua." Nikaingia chini ya lori siku hiyohiyo. Kila kilichoingia mdomoni mwangu tangu siku hiyo, na midomoni mwa wanangu, kimetokana na yule mzee kuniruhusu niingie chini ya lori. Nalisema hili waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kushukuriwa. Ukimshukuru alikuwa anakutuma ukalete mafuta ya taa.

Alikuwa na spana nyingi, tukizitumia wote. Moja tu ilikuwa yake peke yake. Mpini wake ulikuwa umeshonewa ngozi ya mbuzi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, imebaki midomo miwili tu nje. Mkewe ndiye aliyeishona. Wamama wa kwetu wanajua ngozi: unaishona ikiwa mbichi na maji yake, ikikauka inajikaza yenyewe, huwezi kupitisha hata ukucha. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya baridi, maana asubuhi ya Daudi chuma kinauma mkono kweli. Baadaye ndipo nikasikia wanavyosema watu.

Na hapa ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mzee Tluway alikuwa na jina jingine nyuma ya mgongo wake. Enzi za mkoloni, kabla hajawa na gereji, alifanya kazi kwenye karakana moja ya barabara. Jioni moja msimamizi alimkuta anatoka na spana kwenye koti. Akaitazama, akaona imegongwa alama ya mshale, na mshale ule ulikuwa alama ya mali ya serikali. Akamwambia airudishe. Mzee akasema ni yake, ameinunua kwenye mnada wa vitu vya jeshi. Msimamizi akasema airudishe au aache kazi. Mzee akaacha kazi, akaondoka na spana yake. Ndivyo ilivyokuwa, lakini habari ilipofika Daudi ilikuwa imefupishwa: Tluway ameiba spana ya serikali. Kisha spana ikashonewa ngozi, na watu wakasema, mnaona, anauficha mshale.

Aliyeumia kuliko wote ni mwanawe wa kwanza, Petro. Shuleni aliitwa mtoto wa spana. Alikataa kujifunza ufundi, akabaki Daudi akilima ngano na maharage, na hata trekta lilipoharibika shambani alikuwa anatafuta fundi wa mbali, lakini yeye mwenyewe hashiki kifaa. Baba yake hakumlazimisha. Hakujitetea pia. Nilifanya naye kazi mpaka mvi zikaniota na mimi, na sikuwahi kumsikia akisema neno moja kuhusu ile karakana. Nami sikumuuliza. Nilimwamini, na nikaogopa kwamba kumuuliza kungeonekana kama kutomwamini.

Turudi kwenye spana yako, maana naona umeshaanza kuikwangua kwa ukucha.

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kutafuta umri wa vifaa lilikuwa namba. Nilipata spana moja nzuri kwa mama mmoja muuza maharage, imeandikwa 1725. Nikafurahi! Nikazunguka Katesh nzima nikitangaza kwamba nina spana ya karibu miaka mia tatu. Nikamwonyesha hadi paroko. Mzee Tluway alikuwa bado hai, amezeeka, anakaa tu kwenye benchi la gereji. Nikampelekea kwa mbwembwe. Akaisoma, akanirudishia. "Marseli," akasema, "mwaka huo hata gari lilikuwa bado. Walikuwa wanafungua nati ya nini, ya punda?" Benchi zima lilicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ile ilikuwa namba ya modeli tu, ya kiwandani. Tangu siku ile najua kwamba si kila namba yenye tarakimu nne ni mwaka. Mwaka kwa kawaida hukaa karibu na mshale, na mara nyingi ni tarakimu mbili tu, arobaini na mbili, arobaini na tatu, kama mtu aliyeandika kwa haraka. Walikuwa na haraka kweli.

Mshale wenyewe utautambua. Ni mistari mitatu inayokutana mahali pamoja, kama unyayo wa kuku kwenye tope. Usiutafute kwa kukwaruza. Weka spana kwenye mafuta ya taa, iache, nenda kachunge ng'ombe wako. Ukirudi ifute kwa kitambaa, halafu chukua unga wa mahindi kidogo au vumbi la chaki, upake juu, ufute tena taratibu. Unga unabaki ndani ya herufi. Kisha ishike ubavu kwa jua la asubuhi, jua linalotoka pembeni, siyo la mchana linalopiga utosini. Chuma kitasema chenyewe.

Rangi nayo inasema. Spana za wakati wa amani zinang'aa, zimepakwa kromu, ile ngozi nyeupe ya chuma, mpaka unajiona meno. Wakati wa vita malighafi ya kung'arishia ilikwenda kwenye silaha, kwa hiyo spana za vita ni nyeusi au za kijivu, na pembeni unaona chuma kilivyotoka kwenye nyundo, hakikusuguliwa. Kijana akiniletea spana inayong'aa na kusema ni ya vita, huwa namkaribisha chai kwanza ndipo nimwambie. Na ukikuta mdomo mmoja umeandikwa vipimo viwili vya inchi, usidhani mgongaji alilewa. Wakati wa vita walipunguza vichwa vya bolti ili kuokoa chuma, spana iliyokuwa ya bolti moja ikawa inatosha na nyingine iliyo nene zaidi, wakaandika zote mbili.

Lakini adui mkubwa wa kazi hii, wanangu, ni heshima yetu. Hapa kwetu mgeni akisema anakuja kutazama kitu cha marehemu baba, huwezi kumwonyesha kikiwa kichafu. Nilisikia kwamba kuna nyundo na tindo za vita kwenye boma moja juu ya Endasak, nikatuma salamu kwamba nitafika Jumamosi. Nilipofika nikakuta zimepangwa kwenye kitambaa cheupe cha mezani, zinameremeta. Mama mwenye nyumba na wakwe zake walizisugua kwa mchanga na majivu siku mbili, kama masufuria ya harusi. Mshale hakuna, mwaka hakuna, hata jina la kiwanda limekwenda na majivu. Na mama amesimama pale, mikono imechubuka, anasubiri nimsifu. Ningefanya nini? Nilimsifu. Nilikula na wali wao, nikarudi Katesh kwa bodaboda nikiwa na huzuni na tumbo limejaa. Tangu hapo sitoi taarifa, nafika tu kama mvua.

Na wengine walifika kabla yangu. Kule upande wa Basotu wapo wahunzi wa Kibarbaig wanaojua chuma kuliko mimi. Nilimkuta mmoja amekaa mbele ya moto wake, pembeni rundo la spana za vita zinasubiri kuwa mikuki na vikuku. Nikamwomba asizichome. Akaniuliza nazitaka za nini, nikasema nazitaka nizitazame. Alinionea huruma kabisa. "Mzee, spana haitazamwi," akasema. "Mkuki unatazamwa." Mwishowe nilimletea springi ya lori, akaniachia rundo. Nusu ya mkusanyo wangu ilitoka pale. Namshukuru, ingawa naamini mpaka leo anawasimulia watu juu ya mzee wa Katesh aliyechanganyikiwa.

Haya, sasa niwasimulie kilichotokea Daudi.

Mwaka huu, baada ya mavuno, simu yangu ililia. Alikuwa Paskalina, binti wa Mzee Tluway, ambaye ndiye aliyebaki na ile spana baada ya wazazi wote wawili kufariki. "Shikamoo kaka," akasema. "Tunajengea kaburi la baba. Njoo, na uje na macho yako."

Nilijua maana yake kabla hajamaliza. Kwetu mtu anazikwa kwenye udongo, halafu familia inajipanga, miaka ikipita wanakutana wote, wakwe na wajukuu, wanajenga kaburi kwa saruji, sala inasomwa, watu wanakula. Jina linaandikwa kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Likikauka, limekauka. Paskalina alitaka chini ya jina la baba yake liandikwe neno moja, FUNDI. Petro, mkubwa wa familia na mwenye kushika msumari, alikataa. Jina na miaka, basi. Alisema neno fundi likiwekwa pale, watu wote wa Daudi watalisoma na kuongezea wenyewe neno jingine moyoni. Paskalina akasema basi ngozi ifunguliwe, tuone kilichopo, na Fundi Marseli ndiye atakayesema ni nini.

Nilipanda Daudi nikiwa na hofu, na niwaambie kwa nini. Mimi nilijua uwezekano mkubwa ulikuwa upi. Spana ya jeshi ina mshale. Ndivyo zilivyo. Hata zile zilizouzwa kihalali nyingi ziliachwa na mshale wake vilevile, hakuna aliyehangaika kuufuta. Kwangu mimi mshale ule usingethibitisha wizi wowote. Lakini ukishamwambia mtu aliyeitwa mtoto wa spana kwamba ndiyo, alama ya serikali ipo, atasikiliza maelezo yako mengine? Nilikuwa nakwenda kumharibia jina mtu aliyenipa maisha, mbele ya watoto wake, siku ya kaburi lake.

Nilikuta mwashi ameshamwaga saruji, analainisha kwa mwiko. Watu wengi, makoti na mashuka, ukungu bado haujaondoka kwenye mashamba. Nikamwendea Petro. "Shikamoo kaka Petro." "Marahaba Marseli." Hakunitazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ulimpenda baba. Ukifungua kile kitu mbele ya wakwe na mshale ukawepo, utakuwa umemzika mara ya pili."

"Basi tusifungulie hapa," nikasema. "Tuingie jikoni, sisi watatu tu. Nitakachokiona nitakuambia wewe kwanza. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza."

Paskalina hakupenda, lakini akakubali. Tukaingia jikoni, wale mabinti waliokuwa wanapika wakatolewa nje na sufuria zao. Paskalina akaleta spana. Nilikuwa sijaigusa maisha yangu yote. Ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi, laini, kwa sababu miaka yote alikuwa anaipaka mafuta ya ng'ombe kama mama yake alivyofanya. Nikatoa kisu, yeye akanishika mkono.

"Usiukate mshono wa mama."

Basi tukaiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, tukasubiri ngozi ilegee. Huku nje mwashi akaanza kupiga kelele, "Jamani, saruji inashika! Mnaandika au hamwandiki?" Petro akamjibu asubiri. Mwashi akasema saruji haijui kusubiri. Tukakaa, wazee watatu, tunatazama beseni. Petro akasema, bila kumlenga mtu, "Siku ya kwanza kupigana shuleni nilikuwa darasa la kwanza. Nilimpiga mtoto wa jirani kwa sababu ya hii. Nikarudi nyumbani nimechanika shati, baba akanishonea kifungo, hakuniuliza neno." Paskalina akaanza kulia kimyakimya.

Ngozi ilipolegea, yeye mwenyewe akauchomoa uzi, tundu moja baada ya jingine, kwa sindano ya kushonea magunia. Ngozi ikatoka nzima kama soksi. Chuma ndani kilikuwa kizuri, cheusi, hakina hata doa la kutu. Nikakipeleka dirishani. Mshale ulikuwepo.

Petro aliuona usoni kwangu kabla sijasema. "Upo," akasema. "Upo," nikamjibu. Akageuka aende zake nje.

Lakini mkono wangu ulikuwa umezoea kazi yake, ulishachota unga kwenye ungo na kupaka, bila mimi kuuamuru. Nikafuta. Nikaigeuza ubavu kwa mwanga wa dirisha. Mbele ya ule mshale, kichwa kwa kichwa, unga ulikuwa umejaa kwenye mistari mingine mitatu. Mshale wa pili, umegeuzwa, ncha yake imekuja kugusana na ncha ya kwanza, kama mbuzi wawili wanaopigana vichwa. Huu wa pili uligongwa kwa mkono mwingine, umekwenda upande kidogo, hauna kina. Kwa grisi ya karakana, jioni, msimamizi mwenye haraka asingeuona.

"Kaka Petro, rudi."

Niliifahamu alama ile kutokana na kundi la wakusanyaji kwenye simu, watu wa huku na huku tunaotumiana picha za vyuma na kubishana. Jeshi lilipotoa kitu chake kukiuza, liligonga mshale wa pili ukielekeana na wa kwanza. Ni kama kusema: hiki kilikuwa chetu, tumekiachia, sasa ni cha aliyekinunua. Si vyote viligongwa hivyo, lakini kilichogongwa hakina ubishi. Nilimweleza Petro polepole, nikamshika kidole gumba chake nikakipitisha juu ya ncha zile mbili ili azisikie mwenyewe.

"Iliuzwa," nikasema. "Aliinunua. Alisema kweli."

Petro alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Akauliza, "Yeye alijua huu wa pili upo?"

"Alikuwa fundi. Alijua."

"Mbona hakuwaonyesha?"

Paskalina ndiye aliyemjibu. "Angemwonyesha nani, kaka? Kila aliyekuwa anauliza alikuwa ameshaamua. Mimi mama aliwahi kuniambia, ile ngozi haikuwa ya kuficha. Baba alisema amechoka kuona watu wanasoma alama moja na kuacha nyingine."

Nje mwashi akapiga kelele mara ya mwisho. Petro akanyanyuka. Alipofika kaburini saruji ilikuwa imeshaanza kuwa ngumu, msumari ukawa unateleza, akaomba bisibisi kwa kijana mmoja wa pikipiki, akapiga magoti, akaandika jina na miaka, na chini yake herufi tano kwa mikono yote miwili, huku jasho linamtoka kwenye baridi ile. Herufi zimekwenda upande, N imekuwa kubwa kuliko zote. Kisha akasimama mbele ya wakwe na majirani, akainua spana juu, akasimulia mambo yote, ya karakana, ya mnada na ya mishale miwili, bila kuruka kitu. Spana ikazunguka mkono kwa mkono. Wazee walioijua ile hadithi ya zamani walikuwa wanapitisha vidole na kutikisa vichwa. Mmoja wao aliivua kofia yake na kuiweka kifuani, akabaki hivyo mpaka sala ilipoanza.

Mimi nilikuwa nimeitamani spana ile tangu nikiwa kijana. Sikuiomba. Jioni Petro alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari, spana bado iko mkononi mwake, ameishika katikati kama mtu aliyeshika samaki.

"Marseli," akasema, akatazama pembeni. "Hii kitu inashikwaje?"

Nikamsogelea. Nikakitelezesha kiganja chake mpaka mwisho wa mpini. "Hapa. Halafu unavuta kuja kwako. Usisukume kamwe, nati ikiachia ghafla utavunja vidole." Tukaijaribu kwenye nati ya geti la jirani, yeye na nywele zake nyeupe, mimi nimemshika kiwiko. Nati ikalia, ikazunguka. Akacheka kwa sauti.

Ndilo somo ambalo baba yake alinipa mimi siku ya kwanza chini ya lori, kwa maneno hayohayo na kwa kunishika kiwiko hivyohivyo. Lilikuwa fungu la Petro. Nililikalia miaka yote ile, likanilisha, na namshukuru Mungu kwamba nilipewa umri wa kutosha kumfikishia mwenyewe.